Kabla hujanunua twita mpya: kupima na kubadilisha twita ya spika za nyumbani

Jumamosi watu wanasherehekea kipaimara, Jumatatu asubuhi spika zinaanza kuletwa. Ndivyo kalenda yangu ya kazi inavyokwenda hapa Dodoma, hasa baada ya mavuno, wakati kila mtaa kuanzia Nkuhungu hadi Ipagala una turubai na muziki. Mwenye spika akiingia huwa ameshajipimia ugonjwa na kujiandikia dawa: "Fundi, twita zimeungua, niwekee mpya."

Twita ni ile spika ndogo ya sauti za juu, na mara nyingi kweli zimeungua. Lakini zipo siku nafungua boksi nakuta twita nzima, kilichokufa ni kapasita ndogo iliyo nyuma yake (kidude kinachoipitishia twita sauti za juu tu), au waya umechomoka kwa mtikisiko wa besi. Ningefuata agizo kama nilivyopewa, ningemuuzia mtu twita mpya na ikakaa bubu vilevile. Na hata pale twita ilipoungua kweli, kuna kilichoiunguza, na hicho bado kipo sebuleni kinaisubiri ile mpya.

Kwa hiyo tutatoka nje kwenda ndani, tukipima kabla ya kununua. Naongelea spika za nyumbani: boksi la mbao lenye wufa (spika kubwa ya besi) na twita juu yake, pamoja na zile spika za pembeni za sabufa. Vifaa si vingi: mita ya dijitali ya kawaida, bisibisi ya nyota, koleo yenye mdomo mwembamba, betri moja ya rimoti ya volti 1.5, brashi laini ya rangi, selotepu, kifuniko cha chupa ya maji, na pasi ya kuchomea risasi ikibidi.

Sikiliza kwanza

Twita inabeba sauti kali za juu, kwa kawaida kuanzia kama hezi 2,000 au 3,000 hadi 20,000. Ikikata, muziki hauzimiki, unafifia. Mwimbaji anasikika kama anaimba amejifunika shuka kinywani. Herufi "s" na "sh" zinapotea, kayamba na matoazi hayapo, ngoma na besi zinabaki. Wengine wanakaa miezi mingi na spika ya hivyo wakidhani imechakaa tu.

Tofautisha hali tatu, maana kila moja ina chanzo chake. Kimya kabisa: koili (uzi mwembamba uliozungushwa ndani ya twita) imekatika, au sauti haifiki kwenye twita. Inakwaruza: koili inasugua sumaku, au kuba (ule uso wa mviringo unaotikisika) limeachia gundi. Inalia kwa unyonge: kapasita imechoka, au yale mafuta meusi ya kupoozea yanayowekwa ndani ya baadhi ya twita yamekauka yakawa kama gundi.

Tahadhari ya hapa kwetu: usijaribu spika kwa wimbo wenye ilimba ya Kigogo (ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba) kama hujawahi kuusikia kwenye spika nzima. Ilimba inavuma yenyewe, imetengenezwa hivyo, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili kila ufunguo utoe mvumo juu ya sauti yake. Niliwahi kupoteza nusu siku nikitafuta mkwaruzo uliokuwa ndani ya wimbo. Ukishamaliza matengenezo, lakini, ndio wimbo mzuri kuliko yote wa kupimia, kwa sababu mvumo ule mwembamba ndio wa kwanza kupotea twita isipokuwa sawa.

Hatua ya 1: Je, ugonjwa uko kwenye spika?

Angalia nobu ya trebo (sauti za juu) na ya balansi (kulia na kushoto). Usicheke. Mzee mmoja wa Makole aliniletea boksi mbili kwa bajaji, nzito kama magunia ya ulezi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hizi zimekuwa mabubu." Nikaziunganisha pale pale, zikaimba vizuri. Nyumbani kwake wajukuu walikuwa wamezungusha trebo hadi mwisho upande wa chini.

Baada ya hapo zima ampu (amplifaya), badilisha nyaya: ya spika ya kulia ipeleke kushoto na ya kushoto kulia, kule nyuma ya ampu. Hakikisha hakuna uzi wa shaba uliochomoza na kugusa jirani yake, unaweza kuiua ampu. Washa kwa sauti ndogo. Kama ububu umehama kwenda spika nyingine, spika zako ni nzima, tatizo ni ampu au kinacholeta muziki. Kama umebaki kwenye boksi lile lile, endelea nalo.

Sasa kunja gazeti liwe bomba, weka upande mmoja sikioni na mwingine mbele ya twita. Bomba linaitenga twita na kelele za wufa. Ukisikia hata mchakacho mdogo, koili iko hai. Wengine wanatumia programu ya simu ya kutoa mlio mmoja. Ni sawa, weka hezi 8,000 na sauti ya chini sana kwa sekunde chache tu. Mlio mfululizo ukipandishwa unaunguza twita nzima. Na usiweke hezi 15,000 halafu ukatangaza msiba: ukishavuka umri fulani masikio hayafiki huko. Mwite mtoto asikilize.

Spika za pembeni za sabufa zina jambo lao. Baadhi zina twita ya pambo: duara la plastiki linalong'aa, nyuma halina sumaku wala waya. Ukifungua ukakuta hivyo, twita haijafa, haikuzaliwa.

Hatua ya 2: Kufungua bila kuharibu

Piga vumbi kwanza. Kiangazi chetu ni kirefu na upepo hauna adabu, spika ya Dodoma iliyokaa dirishani ina vumbi jekundu hadi kwenye vichwa vya skrubu. Mchanga una chembe ndogo zinazovutwa na sumaku (pitisha sumaku chini uwanjani utaziona zimening'inia kama ndevu), na zikiingia kwenye pengo la koili huwezi kuzitoa kwa kupuliza. Tumia brashi, ukifagia kutoka kwenye twita kwenda nje.

Toa kitambaa cha mbele. Halafu funika kuba la twita kwa kile kifuniko cha chupa na ukishikize kwa selotepu. Najua inaonekana kama ushamba. Twita ya kwanza niliyoiua maishani sikuiua kwa umeme, niliiua kwa bisibisi: sumaku iliivuta kutoka mkononi, ncha ikapita katikati ya kuba la hariri kama sindano kwenye puto. Ilikuwa nzima, nilikuwa naitoa tu nifute vumbi nyuma yake.

Legeza skrubu, itoe twita taratibu, usivute kwa nguvu maana nyaya zinaweza kuwa fupi. Piga picha kwa simu ukionyesha waya wa rangi gani uko mguu gani. Mara nyingi mguu mpana ndio chanya, au una nukta nyekundu. Chomoa kwa koleo ukishika kishikizo chenyewe, si waya.

Hatua ya 3: Kupima

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kupima kwa kuweka mita kwenye vishikio vya nyuma ya boksi. Mita inapima kwa umeme wa moja kwa moja, na kapasita iliyo mbele ya twita hairuhusu umeme huo kupita. Unachosoma pale ni wufa peke yake. Twita inaweza kuwa imeungua ikawa jivu na mita ikakuonyesha upinzani wa omu 6 safi.

Kosa la pili ni kuipima ikiwa bado imeunganishwa na krosova, yaani vile vidude vinavyogawa sauti, za juu kwa twita na za chini kwa wufa. Krosova nyingi zina koili ya shaba iliyokaa sambamba na twita, na mita itasoma hiyo koili: nusu omu, au chini ya hapo. Utasema twita imeshoti, kumbe hujaigusa. Chomoa angalau waya mmoja.

Weka mita kwenye omu, kipimo cha 200. Gusanisha ncha zake mbili usome upinzani wa nyaya zake zenyewe, mara nyingi 0.3 hadi 0.5, utautoa kwenye jibu. Kisha pima miguu ya twita. Twita iliyoandikwa omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 7. Ya omu 6 itasoma kama 4.5 hadi 5.5. Ya omu 4 itasoma 3 hadi 3.8. Usishtuke namba ikiwa ndogo kuliko iliyoandikwa, iliyoandikwa ni ya umeme wa muziki na mita inapima kitu kingine. Mita ikionyesha "OL", au "1" peke yake kushoto, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungua na nyuzi zake zimeyeyukiana.

Kabla hujaitupa iliyosoma "OL", angalia mambo mawili. Kwanza, je, ni twita ya piezo? Hizi ni nyepesi, nyingi za plastiki, hazina sumaku nyuma, bisibisi hainasi. Ndani hakuna koili, kuna kibati chembamba kinachotikisika kwa umeme, na kwa mita husoma "OL" kwa kawaida, nzima au mbovu. Njia rahisi ya kuijua ni kuihamishia kwenye spika nzima. Pili, tazama vile viwaya vyembamba vinavyotoka kwenye kuba kwenda kwenye miguu. Wakati mwingine vimekatika pale pale mguuni, na tone la risasi linarudisha uhai. Vikikatikia ndani ya koili, basi.

Ikiwa mita imesoma vizuri, thibitisha kwa betri. Gusisha ile ya volti 1.5 na uachie papo hapo, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Utasikia "tik" kali na safi. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua. Usiishikilie, na usitumie betri ya volti 9; uzi wa koili ya twita ni mwembamba kama unywele.

Kuba lililobonyezwa na kidole cha mtoto si lazima liwe kifo. La kitambaa unaweza kulivuta kwa selotepu, taratibu, mara kadhaa. La chuma hubaki na kovu, na mara nyingi linaimba hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Twita nzima, sauti hakuna

Basi mkosaji amejificha kwenye krosova. Katika spika za bei ya chini krosova yote ni kapasita moja iliyochomewa mgongoni mwa wufa au kwenye mguu wa twita. Mara nyingi ni ile yenye ganda la bati kama pipa dogo, imeandikwa "NP" au "BP", maana yake haina chanya wala hasi. Hizi hukauka kwa miaka na joto. Ya plastiki, ile bapa au ya mviringo isiyo na bati, hudumu sana.

Weka nyingine yenye maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za mwanzo. Usichukue kapasita yenye chanya na hasi kutoka kwenye pawa saplai ya redio bovu ukaiweka peke yake. Ukikwama kabisa, chukua mbili zinazofanana, unganisha hasi kwa hasi, tumia miguu miwili ya chanya iliyobaki: mbili za 10 zitakupa 5.

Kuna hali nyingine ya ajabu: twita inaimba vizuri nusu saa, inazimika, ukipumzisha spika inarudi. Huo si uchawi wala waya uliolegea. Kwenye krosova tafuta kidude bapa, mara nyingi cha manjano, kinachofanana na kapasita ndogo. Ni kinga: kikipata moto kinakata umeme wa twita, kikipoa kinaurudisha. Spika inakuambia punguza sauti. Usikiondoe ukaunganisha waya moja kwa moja, kama nilivyokuta mtu amefanya kwenye spika iliyofika kwangu na twita mbili zilizokufa.

Hatua ya 5: Kununua

Nenda sokoni, Majengo au Sabasaba, na twita mbovu mfukoni na mita mkononi. Ukikosa, agiza Kariakoo, mzigo unafika siku hiyo hiyo. Muuzaji mwenye mali nzuri haoni shida ukipima kabla ya kulipa.

Linganisha upana wa uso wake, tundu la boksi, nafasi kati ya skrubu, na urefu wa mgongo, maana sumaku kubwa inaweza kugota kwenye mbao. Halafu omu. Hapa usikubali maneno ya "zote zinafanya kazi". Kapasita na twita zinachagua kwa pamoja sauti ianzie wapi. Kwa krosova ya kapasita moja hesabu ni hii: 159,000 gawanya kwa maikrofaradi mara omu. Kapasita ya 4 na twita ya omu 8: 159,000 gawanya kwa 32, karibu hezi 5,000. Ukiweka twita ya omu 4 kwa kapasita ile ile inakuwa karibu 10,000. Kati ya 5,000 na 10,000 umeacha shimo, na ampu nayo imebebeshwa mzigo mzito zaidi.

Wati zilizoandikwa kwenye uso wa twita usiziamini. "300W" kwenye twita yenye sumaku ya ukubwa wa sarafu ni mapambo. Kinachofaa kutazamwa, kama kimeandikwa, ni desibeli kwa wati 1 kwa mita 1. Ikizidi ya zamani kwa desibeli 3 au zaidi, trebo itakuchoma masikio. Dawa ni rizista ya omu 2 au 3, ya wati 5 au zaidi, iliyowekwa kabla ya kapasita.

Nunua mbili, moja kwa kila boksi, isipokuwa umepata ya aina ile ile kabisa. Kulia kuwe na twita ya hariri na kushoto ya titani, utasikia waimbaji wawili. Kwa baadhi ya spika nzuri huuzwa kuba na koili yake tu, sumaku inabaki ile ile. Ukibahatika kukuta, ni nafuu na sauti inabaki ya asili.

Hatua ya 6: Kufunga

Fuata picha uliyopiga, si desturi. Krosova nyingine zimegeuza twita makusudi, chanya kwenye hasi, na ukizirekebisha kwa kudhani ni kosa la kiwandani utapoteza sauti ya kati. Ukiwa na shaka, cheza wimbo wa mwimbaji mmoja na ukae katikati ya spika mbili. Sauti yake inatakiwa itoke katikati, pasipo na spika. Ikitangatanga, boksi moja limegeuzwa.

Kama miguu ni ya kuchomeka, chomeka, usichome risasi. Ikibidi kuchoma, paka risasi kwenye waya kwanza, kisha gusa mguu sekunde 2 au 3 na utoe pasi. Mguu umeshikwa na plastiki. Ukikawia, plastiki inalainika na kiwaya cha ndani kinakatika, nawe umeua twita ambayo haijalia hata mara moja.

Matundu ya skrubu kwenye mbao za unga yakiwa yamelegea, jaza kijiti cha meno na gundi ya mbao, subiri ikauke. Rudisha ile sponji nyembamba ya pembeni. Bila hiyo hewa ya wufa inapenya kando ya twita ikipiga mluzi, na utarudi kwa fundi ukisema twita mpya inakwaruza. Kaza skrubu kwa kubadilishana pande, na kifuniko cha chupa kikiwa bado kimefunika.

Hatua ya 7: Nani aliiua?

Nikimwambia mteja kuwa ni ampu yake, kwa kawaida jibu ni, "Lakini fundi, ampu yangu ni ndogo, spika ni kubwa." Ndiyo maana.

Twita ya nyumbani inabeba wati chache tu mfululizo, hata kama boksi limeandikwa 100. Inaishi kwa sababu muziki wa kawaida unaipa kidogo. Ampu ndogo ikisukumwa hadi mwisho, besi inagota, haiwezi kupanda tena, lakini trebo inaendelea kupanda. Juu ya hapo ampu inakata vilele vya mawimbi, na zile kona zilizokatwa ni sauti kali mpya ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Zote zinapita kwenye kapasita moja kwa moja hadi kwenye ule uzi wa unywele. Ampu kubwa inayoendeshwa kwa utulivu ni salama kuliko ndogo inayopiga kelele za kuomba msaada.

Nobu ya trebo ndiyo msaidizi wake. Kila desibeli 3 unazoongeza ni nguvu mara mbili kwenye twita; desibeli 10 ni mara kumi. Mtu anayepandisha trebo hadi mwisho "ili mbali wasikie" ameizidishia mara kumi kabla hajagusa volyumu. Maikrofoni nayo, ikilia ule mluzi mrefu MC anapopita mbele ya spika, sekunde chache zinatosha.

Kwa hiyo ukishafunga, volyumu iishie pale sauti inapoanza kuwa na ukali wa bati, rudi nyuma kidogo. Trebo katikati. Ukiwasha, ampu iwe ya mwisho; ukizima, iwe ya kwanza. Umeme ukikatika, ichomoe kwenye soketi, maana kishindo cha kurudi kwake hupitia spika.

Ile twita iliyopona kati ya mbili za zamani usiitupe. Pima, andika omu zake mgongoni kwa kalamu, ifunike kifuniko chake cha chupa, uifunge kwenye kopo lenye mfuniko mbali na vumbi na misumari. Jumatatu nyingine ipo.